Mkwe Haonyeshwi Kinywa

Mjini Stockholm palikuwa na watu wawili ambao Paskalia aliwafumbulia kinywa bila kuuliza swali: daktari wake wa meno na Hasmukh muuza puri. Wa kwanza alimwendea pale tu jino lilipomnyima usingizi. Wa pili alimwendea kila Jumamosi, mvua inyeshe au jua liwake, tangu theluji ilipoyeyuka na Hasmukh akatandaza meza yake kwenye uwanja wa Skärholmen mpaka baridi ilipomfukuza tena.

Paskalia hakuwa mtu wa kupita mahali asionekane. Mwendo wake ulikuwa wa taratibu, kichwa juu, na sauti yake ilivuka barabara bila msaada wa mtu. Alizaliwa Tanga, mtaa wa Chumbageni, baba yake fundi wa reli. Alikuja Uswidi mwanzoni mwa miaka ya themanini kujifunza uuguzi, akiwa ameahidi nyumbani kwamba akishapata cheti tu anarudi. Cheti alikipata. Kisha akapata mume, akapata mtoto, akapata ujane, na alipogeuka kutazama nyuma akakuta mvi zimeshamwingia na nusu ya ndoto zake zinasema Kiswidi. Hakujuta hata kidogo. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na wazee waliokataa dawa kwa kila mtu waliimeza kwake. Hakuwabembeleza wala hakuwagombeza. Aliwashikia bilauri ya maji na kuwangoja, kama mtu ambaye hajawahi kufikiria kwamba anaweza kukataliwa.

Puri za maji alizijua tangu usichana. Siku hizo Tanga, nje ya sinema, Mhindi mmoja aliziuza kabla ya picha kuanza, na Paskalia na wenzake walikuwa tayari kukosa mwanzo wa picha kuliko kukosa puri. Alipokutana nazo tena Skärholmen, mwaka 2008, alilia hadharani bila haya, halafu akala mpaka Hasmukh akamuuliza kwa upole kama nyumbani hakuna mtu anayemngoja.

Asiyezijua nimwambie. Puri ni kijipira cha unga kilichokaangwa, kikavu, tupu ndani, ukubwa wake ni wa kukijaza kinywa sawasawa. Hasmukh hukitoboa kwa kidole gumba, akatia dengu na viazi vilivyopondwa, akakichovya katika ndoo ya maji ya ukwaju, nanaa na pilipili, kisha akakuwekea kwenye kibakuli chako kikiwa kinavuja. Hapo huna hata muda wa kusema bismillahi. Unakitia kinywani kizima, mara moja. Ukikiuma nusu, maji yote yanakwenda kifuani. Ukikichelewesha, kinalainika na kukufia mkononi. Lazima ufumbue kinywa kama kinda la ndege, ufumbe, mashavu yavimbe, pilipili ikupande puani, na kwa muda huo huwezi kusema, huwezi kucheka, huwezi hata kumjibu askari.

Waswidi walipata taabu mwanzoni, maana wao ni watu wa foleni na vikaratasi vya namba, na kwa Hasmukh hakuna foleni. Watu husimama nusu duara mbele ya meza, kila mmoja na kibakuli chake, naye hugawa puri mojamoja kwa zamu, kutoka kushoto kwenda kulia, na kuanza upya, mpaka mtu aonyeshe kiganja kwamba ametosheka. Aliyetosheka hupewa ya mwisho kavu, isiyo na maji, ya kufungia. Paskalia ndiye aliyewafundisha nusu ya watu wa Skärholmen. Aliwasimamia mameneja waliovaa tai, akawaambia kwa Kiswidi, "Fumbua, baba. Hapana, zaidi ya hapo," nao wakafumbua.

Mwanawe Humphrey hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa fundi wa programu za simu huko Kista, na Jumamosi mchana, popote alipokuwa, alipanda treni hadi Skärholmen wakala puri yeye na mama yake bega kwa bega. Ilikuwa desturi yao. Hakuna aliyempigia mwenzake simu kumkumbusha, kama vile mtu asivyopiga simu kuulizia kama jua litachomoza.

Sasa huyu Humphrey alimpenda msichana aitwaye Christelle, na Christelle alimpenda yeye, na hapo ndipo Paskalia, mwanamke asiyejua kukataliwa, alipokutana na ukuta. Ukuta wenyewe uliitwa Célestine.

Célestine alikuwa mama yake Christelle, Mkongo wa Bukavu. Aliingia nchi hii na watoto wake, mikono mitupu, miaka ile vita vilipowafukuza watu makwao. Sasa aliishi Hagsätra, alikuwa msimamizi wa wasafishaji wa maofisi huko huko Kista, na kanisani kwao kwaya haikuanza kuimba mpaka yeye akae. Paskalia alifanya mambo kwa utaratibu wake. Alimtuma mzee Januari, Mtanzania mwenzake aliyezoeana na Wakongo, apeleke neno la posa. Januari akarudi na jibu la maneno mawili: "Tunaomba Mungu." Jibu kama hilo, ukilizunguka lote, huoni mlango wala dirisha.

Kisha Jumapili moja Humphrey akaja kwa mama yake uso umemchanua.

"Mama, mambo yanakwenda vizuri," alisema. "Nilikuwa Hagsätra. Mama yake Christelle amenikalisha meza moja na yeye. Amekula mbele yangu kabisa, tumekula samaki, amenicheka ninavyoogopa miba. Sasa ananiona kama mtoto wa nyumbani."

Paskalia alikuwa anapiga pasi. Aliiweka ile pasi wima, akakaa kitini.

Alikuwa anakumbuka bibi yake, mzaa mama, ambaye akisikia tu sauti ya mume wa binti yake uani, hata muwa aliokuwa akiutafuna aliutema na kujifunika kanga mpaka mkwe apite. Mkwe haonyeshwi kinywa. Kwao Bukavu ilikuwa vivyo hivyo, na Célestine hakuiacha mila hiyo mpakani. Paskalia alishamwona kwa macho yake, kwenye sherehe ya kanisani, mume wa binti wa dada yake Célestine alipoingia ukumbini: mama huyo aliweka uma chini, akageuza kiti, akautazama ukuta mpaka yule bwana alipopata mahali pa kukaa mbali naye. Mtu anayeshika mila namna ile, akimtafunia kijana samaki usoni mpaka kwenye miba, hajamkaribisha. Amemwambia, mbele ya sahani yake mwenyewe: wewe si mkwe wangu na hutakuwa. Wewe ni rafiki wa watoto, kula uende zako.

Hakumwambia Humphrey. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa hapa hapa, utamweleza vipi kwamba kukaribishwa mezani ndiko kufukuzwa mlangoni? Alimwacha aondoke na furaha yake, akamaliza kupiga pasi, akachukua simu. Safari hii hakumtuma mzee Januari.

"Mama Christelle, hujambo? Mimi Mama Humphrey."

"Sijambo, mama. Weye uko muzuri?"

"Mimi mzima. Nimekupigia nikuulize bila kuzunguka. Mwanangu ana kasoro gani?"

Célestine hakuzoea kuulizwa hivyo, na pengine alipenda kuulizwa hivyo.

"Mutoto yako hana kasoro," alisema. "Ana heshima, ana kazi, anapenda binti yangu. Lakini écoute, mama. Kwetu binti haolewake na kijana tu, anaolewa na watu. Binti yangu mukubwa, Xavérine, niliacha aolewe na watu sikuwajua. Siku aibu ilimupata, wale watu walisimama kule mbali, wakamutazama tu. Hata mumoja hakumukaribia. Miye sitafanya ile kosa tena. Weye, sikujui."

Paskalia hakuudhika. Neno lilikuwa la haki, na yeye mwenyewe angekuwa na binti angelisema.

"Basi njoo unijue. Jumamosi, Skärholmen. Tutakula."

"Kwako ku nyumba?"

"Nyumbani kwake kila mtu ni mwema, Mama Christelle. Nitakupeleka ninapokula mwenyewe."

Jumamosi hiyo ya Juni Célestine alitoka Hagsätra, akabadili treni Slussen, akatokea kwenye uwanja wa Skärholmen amevaa kitenge cha kijani kilichokwenda shule na blauzi nyeupe ya lesi, mtandio wa kitenge kile kile umelala begani. Wauza maua walimpisha. Paskalia alimpokea kwa kumkumbatia, akampeleka moja kwa moja kwa Hasmukh. Nusu duara ilikuwa imejaa, mashavu ya watu yamevimba, macho yamewatoka, wengine wanapeperusha mikono mbele ya vinywa. Célestine alisimama.

"Ni hapa?" aliuliza. "Mu barabara? Tunakula wima, ma maman nzima nzima?"

"Wima, Mama Christelle. Ukikaa hazishuki."

"Na ninafungua kinywa mbele ya hawa watu bote?"

"Wote wamefumbua. Hakuna mwenye nafasi ya kumtazama mwenzake."

Célestine aligeuza shingo kuhakikisha kwamba hakuna mtu wa kanisani kwao. Paskalia alishamtia kibakuli mkononi. "Maji ukiyavulia nguo," alimwambia, "huna budi kuyaoga."

Watu wakajisogeza, wakapata nafasi wote wawili. Hasmukh alimtazama mgeni, kisha akamuuliza Paskalia kwa Kiswidi, "Ni ndugu yako?"

"Bado," alijibu Paskalia, kwa sauti ya kusikika.

Zamu ilifika. Paskalia alipokea ya kwanza, akaitia kinywani, ikazama bila kuacha alama. Ikawa zamu ya Célestine. Sasa, mama wa heshima, mama wa kwaya, hali chakula kwa kuachama. Alisahau kila alichoambiwa. Aliishika ile puri kwa ncha za vidole, akainyanyua taratibu, akaiuma nusu kwa meno ya mbele, kama mtu anayeuma biskuti kwenye chai ya mchungaji.

Maji yalishuka yote. Ukwaju, nanaa, pilipili, mstari mpana wa kahawia kutoka kidevuni hadi tumboni, juu ya lesi nyeupe.

Kama ingekuwa Tanga, watu wangecheka, mtu angeleta kitambaa, na mambo yangekwisha. Waswidi hawacheki. Walitazama pembeni kwa adabu, wote kwa pamoja, wakamwachia Célestine uwanja mzima wa Skärholmen asimame peke yake na aibu yake. Alibaki ameshika nusu ya puri, na Paskalia aliona jicho lake likianza kuutafuta mlango wa stesheni. Akajua kwamba akiondoka sasa, amekwenda, na posa ya Humphrey imekwenda naye.

Hasmukh alikuwa amesharudi upande wa Paskalia. Kwenye kibakuli cha Paskalia kulikuwa na puri, inavuja. Katika miaka yote ya kula pale hakuwahi kudondosha tone, na hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Wageni walioletwa walionyeshwa yeye kama mfano. Aliinyanyua kwa ncha za vidole. Akaiuma nusu, kwa meno ya mbele, na maji yakamshuka kifuani, juu ya blauzi ya rangi ya krimu aliyoipiga pasi asubuhi ile mpaka ikasimama yenyewe.

"Haya," alisema. "Leo tumevaa sare."

Hasmukh alibaki mdomo wazi. Célestine aliitazama blauzi ya Paskalia, akaitazama yake, akamtazama Paskalia usoni. Hakuwa mtoto.

"Umefanya makusudi."

"Nimefanya."

"Juu ya nini?"

"Hukunijua, Mama Christelle. Na mimi mtu wangu simtazami kwa mbali."

Midomo ya Célestine ilicheza kidogo, na Paskalia alidhani analia. Kumbe ni kicheko, kilikuwa kinatafuta njia. Kilipoipata kilitoka na nguvu zote, kikamshika mbavu, akamwegemea Paskalia kwa bega lake lililolowa, na Paskalia naye akacheka mpaka akapiga meza ya Hasmukh kwa kiganja. Mzee mmoja wa Kiswidi alishindwa kuvumilia, akacheka pia.

"Bon," alisema Célestine, akijifuta macho. "Alete ingine. Nimeshajua sasa."

Na kweli alijua. Ya pili aliifumbulia kinywa hasa, ikaingia nzima, akafumba, mashavu yakavimba, macho yakamjaa maji. Alipoimeza alishusha pumzi ndefu.

"Mon Dieu," alisema. "Na mulikuwa munatuficha hii kitu?"

Mzunguko ukaenda na kurudi. Katikati ya puri na puri walizungumza. Célestine alieleza sambaza, vidagaa wa Ziwa Kivu, wanavyokaangwa wakavu na pilipili, Paskalia akaeleza bajia za Tanga na yule Mhindi wa nje ya sinema. Célestine akauliza mume wa Paskalia alikufa na nini, akaambiwa, akampa pole ya kweli, si ya mdomoni. Hakuna aliyetaja posa. Paskalia alikuwa mtu wa pupa katika mambo mengi, lakini alijua chungu kinapochemka hakifunuliwifunuliwi.

Alikuwa katika raha hiyo alipoinua macho akamwona Humphrey anatoka mlango wa stesheni, mkoba begani, anatabasamu.

Kila kitu Paskalia alikuwa amekipanga: siku, saa, hata blauzi. Alikuwa amesahau jambo moja, kwamba Jumamosi ni Jumamosi. Hakumwambia mwanawe asije, kwa sababu hakuwahi kumwambia aje.

Alijaribu kumpungia mkono wa kumrudisha. Humphrey aliuona mkono, akapunga na yeye. Alipomtambua Célestine furaha ikamzidi, akachukua kibakuli kwa Hasmukh na kujipenyeza upande wa pili wa nusu duara, uso kwa uso nao. Na katika dakika hiyo hiyo Célestine alikuwa ndio kwanza ameitia puri kinywani, nzima, imejaa, mashavu yamevimba. Akainua macho. Yakakutana na ya Humphrey.

Hakuweza kumeza. Hakuweza kutema. Paskalia alimtazama tu, maana jibu la miezi yote lilikuwa ndani ya shavu lile. Kule Hagsätra mwanamke huyu alimtafunia kijana huyu samaki mzima bila kupepesa jicho. Akiendelea kutafuna sasa, mambo yako pale pale.

Célestine aligeuka. Aligeuka mwili mzima, akampa Humphrey mgongo, akampa Hasmukh mgongo, akauvuta ule mtandio wake mpaka puani, akasimama akiwatazama wauza maua, mabega yamempanda kwa haya.

Watu waliacha kula. Humphrey alibaki na kibakuli mkononi, tabasamu limemkauka.

"Mama, nimefanya nini?" aliuliza, akichanganya Kiswahili chake na Kiswidi. "Amekasirika? Nyumbani kwake tulikula meza moja. Sasa hataki kula na mimi tena?"

Kifua kilikuwa kimemjaa Paskalia, wala haikuwa pilipili. Alitaka kupiga kigelegele ambacho uwanja wa Skärholmen haujawahi kukisikia, akakibana kwa meno.

"Hataki," alisema hatimaye, machozi yakimtiririka wazi. "Mwanangu, hataki kabisa. Mshukuru Mungu."

Humphrey alimtazama mama yake kama mtu aliyerukwa na akili. Kutoka nyuma ya mtandio walimsikia Célestine akimeza, kwa shida, pilipili na yote. Alikohoa kidogo. Hakugeuka.

"Mama Humphrey," aliita. "Ambia mukwe yetu aende kula kule upande ingine. Miye sijashiba."

Paskalia akamshika mwanawe mkono, akampeleka nyuma ya meza, kwenye magunia ya viazi, na Hasmukh akaanza mzunguko upya.